Upepo wa Jua na milipuko ya Jua: nishati ya chembe zenye chaji hutoka wapi hasa?

#1 Mpimanyota (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa.

Kila Jua linapolipuka na habari zikaenea, hujitokeza sentensi moja ambayo kwa kweli imenichosha, nayo ni kwamba "mionzi ya Jua itaifikia Dunia baada ya dakika nane na kuharibu mitambo". Ndani ya sentensi hiyo yamechanganywa mambo matatu yenye asili tofauti, mwendo tofauti na athari tofauti, na mchanganyiko huo ndio unaofanya mijadala yetu izunguke palepale. Nimeanzisha uzi huu ili tuyatenganishe, kisha tuzifuate chembe zenye chaji tuone zinafanywa nini huko angani.

Nianze na upepo wenyewe. Tabaka la nje la Jua, yaani korona, lina joto linalozidi nyuzi milioni moja, ilhali uso wa Jua ulio chini yake una nyuzi 5,500 hivi tu. Katika joto hilo atomi haziwezi kubaki nzima. Elektroni hubanduka, na kinachopatikana ni utegili, ambao wengi huuita plazma: protoni, elektroni, na viini vichache vya heli. Mwaka 1958 Eugene Parker alionyesha kwa hesabu kwamba korona yenye joto la namna hiyo haiwezi kutulia ikiwa imeshikwa na mvutano wa Jua, bali ni lazima itiririke kwenda nje bila kukoma. Wengi walimpinga. Mwaka uliofuata vyombo vya Kisovyeti vya Luna vilianza kuzipima chembe hizo, na mwaka 1962 Mariner 2, ikiwa njiani kuelekea Zuhura, iliukuta upepo huo ukivuma muda wote. Katika umbali wa Dunia upepo huo huenda kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde, na sentimita moja ya ujazo huwa na protoni tano hivi.

Idadi hiyo ni ndogo mno, na hapo ndipo tofauti na upepo wa kawaida inapoanza. Molekuli za hewa husukumana kwa kugongana. Chembe ya upepo wa Jua inaweza kusafiri umbali unaokaribia ule wote ulioko kati ya Jua na Dunia, kilomita milioni 150, bila kugongana na mwenzake. Kinachozifunga chembe hizo pamoja ni uga sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi. Tuchukue protoni moja inayoingia kutoka pembeni kwa kasi ya kilomita 400 kwa sekunde katika uga wa nanotesla 5 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga sumaku), ambao ni dhaifu maelfu ya mara kuliko ule unaogeuza sindano ya dira. Protoni hiyo itapindwa hadi izunguke duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 835 hivi, na kila mzunguko utachukua sekunde 13. Kwetu duara hilo ni kubwa, lakini likilinganishwa na kilomita milioni 150 ni kitu kidogo kabisa, kwa hiyo chembe huwa kama ushanga uliotungwa kwenye uzi: inaweza kuteleza mbele na nyuma kwa urefu wa mstari wa uga, ila kuuacha mstari huo na kuruka kwenye mwingine ni vigumu. Ajabu ni kwamba uzi nao hubebwa na shanga zake. Utegili unapokwenda, huukokota uga sumaku wa Jua pamoja nao.

Sasa yale mambo matatu. Mlipuko wa Jua, kwa maana yake halisi, ni mwako wa mwanga, hasa eksirei na urujuanimno, na huo ndio unaotufikia baada ya dakika nane na sekunde 20 hivi. Mwanga hauna chaji na haupindwi na sumaku, ila huzalisha chembe zenye chaji unapofika, kwa kuzibandua elektroni kutoka atomi za tabaka la chini la ionosfia (sehemu ya anga ya juu yenye chembe zenye chaji), kilomita 60 hadi 90 juu yetu, upande wa mchana. Redio za masafa mafupi hunyamaza papo hapo. Ukubwa wa mlipuko hupangwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila herufi ikiizidi iliyotangulia mara kumi. Jambo la pili ni chembe zilizoharakishwa, hasa protoni, ambazo huchukua saa kadhaa kufika. Jambo la tatu ni wingu la utegili lenye uzito wa mabilioni ya tani, lililotupwa kutoka korona pamoja na uga wake, ambalo huchukua siku moja hadi nne. Tarehe 1 Septemba 1859 Richard Carrington, akiwa anachora madoa ya Jua, aliona mwako mweupe uliodumu dakika tano hivi. Dhoruba ya sumaku ilifika Duniani baada ya saa 17 na nusu. Dakika tano zile zilikuwa jambo la kwanza, na kilichokuja saa 17 baadaye kilikuwa la tatu.

#2 Binti Fizikia

Ahsante kwa uzi, Mpimanyota. Nina swali ambalo huenda ni la darasani. Tulifundishwa kwamba kani ya sumaku juu ya chembe yenye chaji daima huwa kwenye pembe ya digrii 90 na mwendo wa chembe hiyo, na kwa sababu hiyo haifanyi kazi yoyote: inaweza kuigeuza chembe, lakini haiwezi kuiongezea kasi. Wewe unasema kila kitu huko kimeshikwa na sumaku. Protoni ya upepo wa Jua wa kawaida ina nishati ya takriban elektronivolti 1,000 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe). Zile za jambo lako la pili husemwa kuwa na elektronivolti milioni 10, milioni 100, na hata zaidi. Sumaku isiyofanya kazi imezifikishaje huko?

#3 Mpimanyota

Binti Fizikia, swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, na ninakiri kwamba nilikuwa nimelipita pembeni.

Ulichofundishwa ni sahihi kabisa kwa uga sumaku uliotulia. Siri imo katika neno hilo "uliotulia". Uga sumaku unaosogea au unaobadilika huzaa uga umeme, na uga umeme ndio unaosukuma; ni kanuni ileile ya Faraday inayoendesha kila jenereta. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba chembe imeharakishwa angani, uliza kwanza ni uga upi uliosogea, na ni nani aliyeusogeza.

Kwenye mlipuko wenyewe, jibu ni hili. Juu ya madoa ya Jua mistari ya uga huinuka kama matao, na miguu ya matao hayo husogezwa huku na kule na utegili unaochemka chini yake. Kwa muda wa siku kadhaa uga husokotwa kama kamba, na nishati hujilimbikiza humo. Mistari yenye mielekeo inayopingana ikibanwa karibu mno, hukatika na kuungana upya kwa umbo jingine, fupi zaidi, na mistari hiyo mipya hufyatuka kama mpira wa manati. Ndani ya sekunde chache elektroni zilizokuwa pale hupata nishati kubwa. Nyingine hushuka na kugonga gesi nzito iliyo chini, na mgongano huo ndio unaotoa sehemu ya eksirei tunazozipima. Nyingine hukuta mistari iliyo wazi na kutoroka kwenda nje, zikiacha nyuma yao kelele za redio ambazo masafa yake hushuka kwa haraka kadiri zinavyouacha utegili mzito. Mlipuko mkubwa unaweza kutoa joule 10 kwa kipeo cha 25, na yote hiyo ilikuwa akiba ndani ya sumaku.

Njia ya pili ni wimbi la mshtuko. Wingu linalokwenda kilomita 2,000 kwa sekunde likiingia katika upepo unaokwenda kilomita 400, husukuma mbele yake ukuta wa uga uliobanwa. Protoni nyingi huvuka ukuta huo mara moja tu, zikapata joto, basi. Chache hurudishwa na uga uliovurugika upande wa pili, zikavuka tena, zikarudishwa tena. Kila zinapokutana na uga unaozijia usoni, huondoka na nishati kidogo zaidi, kama mpira wa tenisi ya meza ulionaswa kati ya vibao viwili vinavyosogeleana. Wazo hili la chembe kupata nishati kwa kudunda kwenye sumaku zinazosogea lilitolewa na Enrico Fermi mwaka 1949, ingawa yeye alikuwa akiwaza mawingu ya kati ya nyota. Nishati, kama unavyoona, hutoka kwenye mwendo wa wingu lenyewe. Sumaku ni mkono tu unaoihamisha.

#4 Kimondo Cheusi

Maelezo ni mazuri, ila Mpimanyota, naomba nikusahihishe mahali pamoja. Katika bandiko la kwanza umesema protoni huchukua "saa kadhaa". Si kila mara. Tarehe 20 Januari 2005 protoni zenye nishati kubwa zilifika Duniani takriban dakika 15 baada ya mlipuko wa daraja la X kuanza, na vituo vya ardhini vilizinasa. Mwanaanga aliyekuwa nje ya chombo chake angekuwa na muda mfupi mno wa kujificha.

Sababu ya haraka hiyo iko katika umbo la mistari ya uga, jambo ambalo hukulitaja. Jua hujizungusha, na tukilitazama kutoka hapa huchukua siku 27 hivi kukamilisha mzunguko. Upepo unauvuta mstari wa uga kwenda nje huku mzizi wake ukizunguka, kwa hiyo mstari hupinda kama maji yanayotoka kwenye mpira wa kumwagilia unaozungushwa. Ukifika kwetu umeshapinda digrii 45 hivi. Matokeo yake ni kwamba mstari unaoigusa Dunia haukuanzia katikati ya sura ya Jua tunayoiona, bali upande wa magharibi, na mlipuko wa Januari 2005 ulitokea huko huko magharibi. Protoni zikapata barabara ya moja kwa moja.

#5 Mpimanyota

Nimekubali, Kimondo Cheusi. Ningesema "kuanzia dakika kumi na kitu hadi saa nyingi". Nyongeza yako pia inaeleza jambo linalowakanganya wengi, kwamba mlipuko wa magharibi unaweza kutumwagia protoni huku wingu lake likitupita mbali, na ule wa katikati ukatuletea wingu ingawa protoni zake zilichelewa au zilikuwa chache.

Kwa wale wanaotaka kuyaona haya kwa macho, watafute picha za chombo cha SOHO za tarehe 14 Julai 2000. SOHO iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, upande wa Jua, na kamera yake imelifunika Jua kwa kisahani ili korona ionekane. Kwenye picha za mwanzo korona imetulia. Kisha wingu linachomoza pande zote za kisahani, na muda mfupi baadaye picha yote inajaa vidoa vyeupe na vistari vifupi, kama theluji inayoanguka usiku mbele ya taa. Hivyo vidoa havikuwa angani. Kila kimoja ni protoni iliyopenya ukuta wa chombo na kupita ndani ya kihisi cha kamera, ikibandua elektroni njiani, na kamera ikadhani imeona mwanga. Ukiona kistari badala ya kidoa, ujue protoni hiyo ilipita kwa ulalo. Wingu lenyewe lilitufikia kesho yake. Sijui picha nyingine inayoonyesha wazi kiasi hicho kwamba chembe na wingu ni vitu viwili.

#6 Mwenye Shaka

Nimefuatilia kwa makini, lakini hesabu zenu zinanikwaza. Protoni tano katika sentimita ya ujazo, zikienda kilomita 400 kwa sekunde, zinatoa kanieneo ya nanopaskali 1.3 hivi. Hewa tunayovuta ina paskali 100,000. Kitu kilicho dhaifu makumi ya trilioni ya mara kuliko hewa kinaisukumaje Dunia nzima? Na je, si kweli kwamba aurora, ile mianga ya rangi angani usiku, ni chembe za Jua zinazodondoka moja kwa moja kwenye ncha za Dunia?

#7 Mkesha Usiku

Mwenye Shaka, hesabu yako ni sahihi, ila umeilinganisha na kitu kisichohusika. Upepo wa Jua haukutani na hewa. Unakutana na uga sumaku wa Dunia, ambao hupungua haraka sana kadiri unavyoenda mbali, na mahali ambapo kanieneo ya uga huo inalingana na hizo nanopaskali zako ni kilomita 60,000 hivi kutoka hapa, upande wa Jua. Hapo ndipo ukingo wa magnetosfia ulipo, yaani eneo linalotawaliwa na uga sumaku wa Dunia. Upande wa usiku huvutwa kuwa mkia mrefu unaopita hata obiti ya Mwezi. Wingu zito likija, ukingo wa mbele unaweza kusukumwa hadi ndani ya obiti ya satelaiti za mawasiliano, kilomita 35,786 juu ya ikweta, na satelaiti hizo zikajikuta ghafla ziko nje, katika upepo mtupu.

Msukumo, hata hivyo, si jambo kubwa. Kubwa ni mwelekeo wa uga ulioletwa. Uga wa Dunia upande wa mbele huelekea kaskazini. Uga wa wingu ukielekea kaskazini pia, wingu huteleza pembeni na mengi hayatokei. Ukielekea kusini, mistari ya pande mbili hukatika na kuungana, manati ileile aliyoieleza Mpimanyota, na mlango hufunguka. James Dungey alilieleza hili mwaka 1961. Vyombo vinne vya MMS, vilivyorushwa Machi 2015 vikiruka kwa kukaribiana, vilipita katikati kabisa ya mahali pa kuungana tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo na kuzikuta elektroni zikiharakishwa. Hiyo ndiyo sababu watabiri hawawezi kusema mapema dhoruba itakuwa na ukali gani. Mwelekeo wa uga hupimwa wingu likishafika kwenye vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, kama SOHO ilivyo, na kutoka hapo hubaki dakika 15 hadi saa moja.

Kuhusu aurora, hapana, si chembe zinazodondoka moja kwa moja. Mistari iliyofunguliwa mbele hukokotwa nyuma hadi mkiani, nishati hujazana humo, kisha mistari huungana upya na kufyatukia upande wa Dunia. Elektroni zinazowasha anga hupewa nguvu huku kwetu, ndani ya magnetosfia, na kusukumwa chini kwa uga umeme ulio maelfu ya kilomita juu. Zikigonga oksijeni kwenye kilomita 100 na kitu tunapata kijani, na juu ya kilomita 200 tunapata wekundu.

#8 Binti Fizikia

Kwa hiyo mkanda wa Van Allen, yaani ukanda wa chembe zenye chaji zilizonaswa na uga sumaku wa Dunia, nao hujazwa kwa njia hiyo? Nilidhani kila dhoruba huongeza tu chembe humo.

#9 Mpimanyota

Hata mimi nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Mikanda yenyewe ilijulikana kwa namna ya kuchekesha kidogo. Explorer 1 ilirushwa tarehe 31 Januari 1958 ikiwa na kihesabu chembe cha James Van Allen, na ilipopanda juu sana kihesabu kilionyesha sifuri. Hakikuwa kimeharibika. Chembe zilikuwa nyingi mno hata kikalemewa. Mkanda wa ndani una protoni nyingi zenye nishati kubwa, na ni mtulivu. Wa nje una elektroni, nao huvimba na kusinyaa kila mara.

Uchunguzi wa dhoruba 276, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ziliongeza elektroni za mkanda wa nje, karibu moja kati ya tano zilizipunguza, na zilizosalia hazikuleta tofauti ya maana. Dhoruba ni ugomvi kati ya kujaza na kumwaga. Ukingo wa magnetosfia ukisukumwa ndani, elektroni zilizokuwa zikizunguka mbali hujikuta hazina njia ya kurudi, zikapotelea nje. Wakati huohuo elektroni mpya kutoka mkiani huzusha mawimbi ya sumaku na umeme ambayo, yakigeuzwa kuwa sauti, husikika kama ndege wanaolia alfajiri. Mawimbi hayo huzisukuma baadhi ya elektroni hadi zikaribie kasi ya mwanga, na nyingine huzitoa kwenye njia zao zikaangukia angahewa. Vyombo pacha vya Van Allen, vilivyofanya kazi kuanzia 2012 hadi 2019, ndivyo vilivyoonyesha kwamba kuharakishwa huko hutokea ndani ya mkanda wenyewe. Kwa hiyo, Binti Fizikia, ongeza mawimbi kuwa njia ya tatu katika jibu langu la #3.

Baada ya dhoruba kubwa ya Mei 2024, satelaiti ndogo iitwayo CIRBE ilikuta mikanda miwili ya muda kati ya ile ya kudumu, mmoja wao ukiwa na protoni pia, jambo ambalo halikuwa limezoeleka.

#10 Mwenye Shaka

Nimeridhika na #7. Swali langu la mwisho: upepo huu unaishia wapi, na tunajuaje?

#11 Kimondo Cheusi

Hili niachieni mimi.

Kadiri unavyoenda mbali, upepo huzidi kuwa mwembamba, hadi unakutana na gesi iliyo kati ya nyota na kusimamishwa. Ndani ya eneo hilo uga uliovurugika wa Jua huzuia sehemu ya miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazotoka mbali, na ndiyo maana miale hiyo hupungua Duniani Jua linapokuwa na shughuli nyingi katika mzunguko wake wa miaka 11, na hupungua ghafla kwa siku kadhaa wingu kubwa linapotupita. Jua linatuletea protoni zake na kutukinga dhidi ya za wengine.

Tarehe 25 Agosti 2012, ikiwa mbali mara 121 ya umbali wa Dunia na Jua, chombo cha Voyager 1 kiliona chembe za Jua zikitoweka na miale ya kosmiki ikipanda. Lakini wataalamu hawakukubaliana kwamba imetoka nje ya eneo la upepo wa Jua, kwa sababu mwelekeo wa uga sumaku haukubadilika kama walivyotarajia, na kipimo cha utegili kilikuwa kimekufa tangu 1980. Walichohitaji ni kujua wingi wa elektroni, na hawakuwa na chombo cha kuuhesabu.

Mwezi Machi 2012 Jua lilikuwa limelipuka na kutupa mawingu yake. Mshtuko wake ulisafiri miezi 13, na Aprili 2013 ukaifikia Voyager 1 na kuutikisa utegili uliokizunguka chombo. Utegili ukitikiswa, hutetema kwa masafa yanayotegemea wingi wa elektroni zake tu, kama uzi wa zeze unavyotoa sauti kulingana na ulivyokazwa. Antena ya redio ilikuwa bado nzima na ikaunasa mtetemo huo. Hesabu ilitoa elektroni 0.08 kwa sentimita ya ujazo, zaidi ya mara 40 ya kilichopimwa ndani ya ukingo wa nje wa upepo wa Jua. Chombo kilikuwa nje tangu Agosti 2012.